Biz yako inavuta wasee wa "bei ya mwisho ni ngapi?" Shida inaweza kuwa maneno yako

Kabla tuanze, toa simu, ingia WhatsApp, uangalie ile statasi ya mwisho uliweka ukiuza kitu. Inaweza kuwa ndula, keki, wigi ama kazi yako ya kusuka nywele. Sasa jiulize: ni wasee wangapi waliingia inboksi? Na kati yao, ni wangapi walituma pesa?

Kama uko vile mimi nilikuwa, jibu litakuuma. Wengi waliuliza bei, wakaomba upunguze, ukapunguza, wakasema "sawa, nitakushow", wakahepa. Ukiwapigia, wamekuwa mteja. Na si mteja wa kununua, ni ule mteja wa kutopatikana kwa sasa.

Halafu unaanza kulaumu uchumi. Unasema Wakenya ni wagumu. Kuna ukweli hapo, doh imepotea mtaani na kila mtu anajua. Lakini kuna kitu ingine huwa hatuangalii: hao wasee hawakukuja kwako kwa ajali. Uliwaita. Yale maneno uliandika juu ya picha ndiyo yaliwaita.

Wacha nikuonyeshe nikianza na hasara yangu mwenyewe.

Ndula za bei ya kutupa

Niliacha koleji nikiwa mwaka wa pili. Hakuna stori ndefu, karo ilikataa tu. Mathe, badala ya kunichapa na maneno, aliingia kwa chama yake akachukua loni ya 15,000, akaniambia nitafute kitu ya kufanya. Kila mwezi alitakiwa kurudisha 1,500 na riba juu. Kwa hivyo elewa, hiyo pesa haikuwa yangu. Ningeimwaga, ni mathe angekaa kwa mkutano wa chama akiangalia chini mbele ya wamama wenzake.

Nikaanza kuuza ndula za mitumba. Naamka mapema, naingia Gikomba, nachagua peya moja moja, naosha, naweka kamba mpya, napiga picha. Mali ilikuwa safi, sijipigii kifua. Halafu naandika hivi:

"NDULA KALI BEI YA KUTUPA!!! Bei ni maelewano, kuja inboksi."

Manze, simu ilikuwa hailali. Meseji asubuhi, meseji usiku. Nikajiona nimeomoka.

Halafu siku moja nikakaa chini nikapiga hesabu ya peya moja tu. Nilinunua 700. Sabuni na kamba, 50. Hapo niko 750. Nilikuwa nataka 1,200, jamaa akanishusha pole pole mpaka 900. Halafu akasema nimletee Rongai. Matatu kwenda 80, kurudi 80. Toa 750, toa 160, kwa ile 900 imebaki nini? Imebaki hasara ya ashu. Nimeamka alfajiri, nimeosha kiatu na mswaki, nimevuka Nairobi nzima, ndio nimlipe mtu shilingi kumi avae ndula yangu.

Na huyo alikuwa mmoja wa wale wazuri. Angalau alinunua.

Kamera na fagia

Mtu aliyenitoa hapo si mwalimu wa koleji. Ni mama mmoja wa Gikomba, hununulia kwake mara nyingi. Nilikuwa namlilia venye wateja wangu ni wa ajabu, akaniambia nimwonyeshe kile huwa naandika. Akasoma, akacheka, akanirudishia simu.

"Kijana wangu, wewe unauza kamera, lakini unapiga kelele ya fagia."

Kama hujawahi kukaa Gikomba, nikueleze. Bale ikifunguliwa, zile nguo ama viatu vya kwanza kabisa, safi, zenye zinakaa ni kama hazijavaliwa, hizo ni kamera. Zinachukuliwa mapema na watu wanajua wanatafuta nini, na bei yake iko juu. Zile zinabaki mwisho kabisa, baada ya kila mtu kuchagua, hizo ni fagia. Zinamwagwa chini na mtu anapiga kelele bei moja kwa zote.

Sasa cheki hii: mtu wa kamera na mtu wa fagia wanaweza kuwa wanauza kwa njia moja, hatua kumi kati yao, na wateja wao hawafanani. Mtu wa fagia akiita "chagua mia mia", hataki mtu wa kuuliza maswali kuhusu ngozi. Anataka watu wengi, haraka, mali iishe aende home. Faida yake iko kwa wingi. Kwake, hizo kelele ni sawa kabisa.

Mimi nilikuwa na peya sita kwa begi. Sikuwa na wingi wa kunibeba. Kila peya nilikuwa nimeichagua kwa mkono, lakini neno "kutupa" lilikuwa linaambia watu hii mali haina thamani, njoo uchukue kabla niitupe. Halafu nashangaa mtu akinipea soo nne. Si mimi nimesema natupa?

Maneno yako ni makanga

Fikiria makanga wa matatu. Akisimama kwa mlango akiita "Rongai, Rongai!", msee wa Kahawa Wendani hapandi. Hata kama hiyo gari iko na muziki na viti viko fiti, atapita tu. Makanga hajamtukana, amemwambia tu gari inaenda wapi.

Tangazo lako linafanya hiyo kazi. Kila neno linaita mtu fulani na linamwambia mwingine apite. Ukiandika "bei ya chini kuliko wote", umeita watu wanaonunua kwa sababu ya bei. Hao si watu wabaya, hata mimi huwa mmoja wao nikinunua bando. Lakini elewa makubaliano yenu: wamekuja kwa sababu uko chini. Siku jirani yako akishuka na finje, wataenda kwake, na hawajakukosea. Hukuwapa sababu ingine ya kubaki.

Ukiandika "bei ni maelewano", umefungua soko la kubishana. Ile bei uko nayo kichwani imekuwa mwanzo wa mazungumzo. Mtu mwenye hapendi kubishana, yule hulipa na kuenda, ameona hiyo kazi ni mingi akapita. Umebaki na mabingwa wa kubishana peke yao, halafu unasema wateja wote wako hivyo.

Na ile ya kuficha bei, "bei inboksi"? Wengi hufikiria inavuta watu kwa stori. Mara nyingi inafukuza yule mwenye ako na pesa lakini hana saa, na pia yule anaogopa ataaibika akiuliza kitu hawezi afford. Mwenye anabaki ni yule ako na saa mingi. Na ako na saa mingi ya kukupotezea.

Hata M-Pesa ilichagua maneno

Usidhani hii ni mambo ya wauza mitumba tu. Angalia M-Pesa. Majaribio yake yalianza 2005, na wazo la kwanza lilikuwa watu wa mikopo midogo walipe loni zao kwa simu. Walifanya hiyo majaribio na Faulu. Lakini wakiwa huko ndani wakaona wateja wanatumia hiyo kitu kwa njia zao, wanatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe.

Ilipozinduliwa Machi 2007, tangazo halikuongea kuhusu loni wala teknolojia. Kauli ilikuwa Send Money Home. Tuma pesa nyumbani.

Hebu sikia hilo neno "home" na masikio ya msee wa Nairobi. Karibu kila mtu anayefanya kazi hapa ako na ushago, ako na mzazi ama ndugu anangoja kitu mwisho wa mwezi. Wakati huo ulikuwa unampea dereva wa basi bahasha ukiomba Mungu ifike. Ukiona tangazo limesema nyumbani, hukuhitaji kuelezwa simu inafanyaje. Ulijua ni wewe unaitwa.

Kama wangeandika "huduma ya kisasa ya kifedha kwa njia ya simu", mfumo ungekuwa ule ule. Lakini nani angejiona ndani ya hiyo sentensi? Pengine mtu wa benki.

Kinyozi, barbershop, na neno "bure"

Tembea mtaani kwako uangalie mabango. Moja imeandikwa "Kinyozi". Ingine "Barbershop". Ingine "Executive Barbershop". Mashine ya kunyoa inaweza kuwa ya aina moja. Lakini kabla uingie, tayari unajua wapi utalipa kidogo utoke, na wapi utapakwa vitu kwa uso na uitwe bosi. Neno limekupangia bei kabla mtu afungue mdomo.

Hii inaenda pande zote mbili, kwa hivyo chunga. Ukiandika "executive" na maji yako ni ya ndoo, umeita mtu ambaye huwezi mhudumia. Atakuja mara moja, atatoka na stori ya kuambia wengine. Neno kubwa kuliko kazi yako linakuletea mteja wa kukulaumu.

Halafu kuna hili neno "bure". Kuna jamaa mtafiti, Dan Ariely, na wenzake waliweka meza ya chokoleti Marekani. Moja ilikuwa ya Lindt, ile ya kishua, kwa senti 15. Ingine ya kawaida, Hershey's, kwa senti 1. Kati ya walionunua, 73 kwa mia walichukua ile ya kishua. Halafu wakapunguza zote na senti moja: ya kishua ikawa senti 14, ya kawaida ikawa bure. Tofauti ya bei haikubadilika hata kidogo. Lakini sasa 69 kwa mia wakachukua ile ya bure.

Unaona hiyo nguvu? "Bure" inageuza watu hata kama hesabu haijageuka. Kwa hivyo kabla uandike kuna zawadi ya bure kwa kila peya, jiulize: unataka mtu anayependa ndula, ama mtu anayependa zawadi? Lakini ukisema kumletea hadi tao ni bure, hapo "bure" inasaidia yule ambaye tayari anataka ndula. Ni neno moja, lakini angalia umelibandika wapi.

Nilibadilisha nini

Baada ya mama wa Gikomba kunicheka, nilirudi keja nikafuta kila kitu. Nikajiuliza swali moja: mtu mwenye hii ndula inamfaa ni nani, na siku yake iko aje? Nikaona ni mtu anasimama ama anatembea sana kazini, anataka kitu cha ngozi, hana saa ya kuzunguka Gikomba Jumamosi. Nikaandika hivi:

"Kiatu cha ngozi, saizi 42, cha mtu anasimama siku nzima. Kimetumika, soli bado ni nene. Kuna mkwaruzo kwa kisigino cha kushoto, angalia picha ya tatu. Sh1,500, bei haishuki. Nakuletea tao bure Jumanne na Ijumaa jioni."

Cheki vitu viko hapo. Saizi imetoa kila mtu wa 40 na 44, hakuna haja ya kuulizana. "Anasimama siku nzima" imeita watu fulani kwa jina bila kuwataja. Mkwaruzo nimeusema mwenyewe, kwa hivyo hakuna mtu atautumia kunishusha bei tukikutana. Bei iko wazi. Siku na mahali ziko wazi, hakuna kuvushwa Rongai.

Sasa nisikudanganye. Wiki mbili za kwanza simu ilinyamaza hadi nikaogopa. Wale wa "bei ya mwisho" walipotea wote kwa mkupuo, na nilikuwa nimewazoea. Usiku nilikuwa nashikwa na tamaa ya kurudisha "bei ya kutupa". Tarehe ya chama ilikuwa inakaribia.

Wiki ya tatu watu sita waliuliza. Wanne wakanunua. Wa kwanza alikuwa nesi. Hakuuliza kama nitapunguza, aliuliza kama soli inateleza kwa sakafu yenye maji. Hilo swali halikuwahi kuulizwa hata siku moja nikiwa "bei ya kutupa". Piga hesabu: 1,500 toa 750 ni 750. Mara nne ni 3,000. Toa nauli ya kuingia tao, bado mathe alienda mkutano na 1,500 yake na riba mkononi.

Na yule nesi? Alileta wenzake wawili. Mteja huleta mteja kama yeye. Wa kubishana huleta wa kubishana.

Maneno ya kuchunga

Kuna maneno tunayabandika kila mahali bila kufikiria. Haya ni machache ya kuanza nayo:

"Kitu kali", "kitu safi", "kwoliti". Kila mtu anasema hivyo, hata mwenye anauza ndula imepasuka. Sema kile jicho ama mkono unaweza kuthibitisha: ni ngozi, imeshonwa, soli ni nene.

"Ofa". Ukiwa na ofa kila wiki, unafundisha watu kungoja. Ile bei yako ya kawaida inakuwa ya wajinga. Weka ofa ikiwa na sababu na siku ya kuisha, na ikiisha, iishe kweli.

"Nafanya kazi zote". Wapiga picha, mafundi, wa kuchora, hii ni yenu. Mtu akitafuta wa kumpiga picha ya mahafali, anataka yule ameandika mahafali. "Zote" haiiti mtu yeyote.

"Kama huna pesa usinisumbue". Najua umechoka. Lakini hii inasomwa pia na yule ako na pesa, na anaona mtu mkali. Bei wazi inachuja watu vizuri na haimtusi mtu.

Na lugha yenyewe. Ukiandika Sheng, Kiswahili cha sanifu ama Kizungu, umeshachagua nani atajisikia nyumbani. Kama keki zako ni za ruracio na wanaolipa ni wamama wa miaka hamsini, "form ni keki wasee" haitakusaidia. Andika vile anayelipa huongea.

Usidanganye, kuna sheria

Kuchagua maneno si kupaka uongo rangi. Kitu imetumika, usiseme ni mpya. Bei ilikuwa 1,500 tangu mwanzo, usiandike "ilikuwa 3,000 sasa 1,500". Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupata bidhaa za kiwango kinachofaa na habari anazohitaji kuzitumia. Na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inahesabu kama udanganyifu kusema bidhaa ni mpya kama si mpya, ama kudai punguzo la bei ambalo halipo. Hiyo ni ya kila mtu, hata wewe wa kuuza kwa statasi.

Lakini hata ukiweka sheria kando, skrinshoti huzunguka haraka kuliko tangazo lako.

Jaribu hii leo

Usiniamini, jaribu. Chukua kitu kimoja unauza. Leo kiweke na maneno yako ya kila siku. Wiki ijayo, siku kama hiyo na saa kama hiyo, weka picha ile ile na bei ile ile, lakini andika upya: ni cha nani, kina kasoro gani, bei ni ngapi, atakipata wapi na lini. Halafu andika kwa karatasi vitu vitatu: walioniuliza, walionunua, na pesa ilibaki baada ya kutoa kila kitu hadi nauli.

Usidanganywe na ile namba ya kwanza. Mimi ilinidanganya miezi. Angalia ya tatu.

Na kama utapata kwamba "bei ya kutupa" ndiyo inakuachia pesa mingi, basi biz yako ni ya wingi, endelea kupiga kelele bila aibu. Mtu wa fagia hujenga pia. Kitu kibaya ni kuwa na kamera kwa begi halafu unaita watu wa fagia, kisha unakasirika nao wakija.

Mathe alimaliza ile loni. Mimi bado naenda Gikomba, na yule mama akiniona huniuliza kitu kimoja kabla anipee kiti: "Leo unaita nani?" Nikikosa jibu, huniambia nisinunue kwanza.

Jiulize hilo swali kabla hujaposti ingine.